Ngoma ya Beni na Faida Yake

Wanafunzi wengi wasikiapo matarumbeta katika arusi au katika gwaride hudhani kwamba muziki huo ni wa wageni tu. Historia ya ngoma ya beni yaonyesha vingine.

Neno "beni" limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Ngoma hii ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Siku zile watu wa pwani walizisikia bendi za askari wa kigeni, na ile ya misheni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani.

Lakini wenyeji hawakuiga tu. Tangu zamani mitaa ya pwani ilikuwa ikishindana kwa ngoma, mavazi na karamu, na beni ikaingia katika desturi hiyo. Mombasa kulikuwa na Kingi na Sikochi. Hao Sikochi walivaa sketi kama askari wa Uskochi. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na wakubwa wake, kuanzia mfalme hadi jemadari.

Katika vita vya 1914–1918 askari na wapagazi waliipeleka ngoma hii mbali, hata Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Huko zilizaliwa ngoma za malipenga na mganda. Tarumbeta la shaba lilipokosekana, watu walitengeneza la kibuyu, na gwaride likaendelea.

Huenda msomaji akauliza, "Faida yake ni nini?" Kwanza, ilikuwa msaada. Kijana aliyetoka bara kwenda mjini kutafuta kazi hakuwa na ndugu huko. Akiingia chamani alipata wa kumpokea, wa kumwuguza na wa kumzika. Pili, ilikuwa shule ya uongozi. Wakati wa ukoloni wenyeji wachache sana walipewa madaraka, bali katika beni karani au mpagazi aliweza kuongoza watu na kutunza fedha za wenzake. Tatu, nyimbo zake zilitoa nafasi ya kumsema mkubwa kwa utani.

Hata hivyo ilikuwa na hasara. Mashindano yalimaliza fedha za watu na kuleta ugomvi, na serikali za kikoloni ziliitilia shaka.

Basi, chombo chaweza kutoka nje na kazi yake ikawa yetu. Thamani ya beni ilikuwa katika kusaidiana. Bendi isiyomjali mpigaji wake akiugua imeiga sauti tu.

Maswali
1. Kwa nini beni ilienea upesi mijini?
2. Taja faida mbili na hasara moja za mashindano ya ngoma.
3. Wakati wa likizo waulize wazee wa kwenu juu ya vyama vya ngoma vya zamani, uandike majibu yao kabla hayajasahauliwa.