Kwenda Abuku na Kiswahili Chako

Ndugu zangu mlio shuleni, nanyi tuliosoma pamoja, wengine wenu huniuliza kama Kiswahili chatosha kumfikisha mtu Abuku, huku Koboko nifanyako kazi. Chatosha kununua muhogo. Kukaa na watu ni jambo jingine.

Kiswahili cha West Nile ni cha askari zaidi kuliko cha vitabu. Tangu siku za King's African Rifles vijana wengi wa hapa waliandikwa jeshini, nao wakarudi na lugha ya kambi. Ndiyo sababu mtu mpole kabisa aweza kukuita, "Wewe, kuja hapa!" Hakutukani, ndivyo alivyojifunza. Lakini wewe mgeni usimjibu vivyo hivyo. Serikali ya Idi Amin ilianguka mwaka 1979, na mwaka 1980 watu wengi mno wa sehemu hizi walikimbilia Zaire na Sudani kwa hofu ya askari waliokuja kulipiza kisasi. Mzee aliyeamrishwa kwa Kiswahili siku zile hakisikii kama ukisikiavyo wewe. Basi sema polepole, tia neno "tafadhali", wala usimwite mtu mzima "wewe".

Bora zaidi, anza kwa lugha ya wenyeji. Barabara itokayo Arua hupita Maracha, kwa Walugbara. Huko utaamkiwa, "Mi ngoni?" nawe ujibu, "Muke," yaani njema. Ukipewa kitu sema "Awa'difo," ndiyo asante. Ukifika Koboko uko kwa Wakakwa. Lugha yao ni ndugu ya Kibari cha Juba, tena iko mbali sana na Kilugbara, kwa hiyo usidhani salamu za Maracha zitakufaa. Mwombe mwenyeji wako akufundishe zao siku ile ile ya kwanza, sijaona aliyekataa.

Usiulize njia wala bei kabla ya salamu. Ukikaribishwa chakula, nawa, ule kwa mkono wa kulia, na japo umeshiba onja kidogo. "Shikamoo" yetu ya pwani si desturi huku. Usipojibiwa "marahaba" usidhani umedharauliwa.

Mjini utakutana pia na Wanubi, ambao wazee wao wengi walikuwa askari wa Emin Pasha. Lugha yao imetokana na Kiarabu, ila Mwarabu wa Muskat au wa Moroko angeifuata kwa shida, na Mswahili hudanganyika upesi zaidi, maana masikio yake hudhani yameelewa. Mnubi akisema "ana", asema "mimi". Akisema "ita", hakutumi umwite mtu, asema "wewe". Na ukimsikia mama mwenye nyumba akimwagiza mtoto akuletee "moyo", kaa utulie ungoje: ni maji ya kunywa.