Somo: Kujitayarisha kwa Safari Ndefu ya Baiskeli



Somo letu safari hii linahusu baiskeli. Si ile ya kwenda zamu tu, bali safari ndefu ya ridhaa, ya kilomita 100, 200 na zaidi, ambayo mtu huiingia kwa hiari yake, hapati mshahara wala zawadi ya fedha, na sifa yake ni kufika kabla ya muda uliowekwa kwisha. Tumeliandika kwa sababu wengi wetu wa viwandani na mashambani ni wapandaji wa kila siku, na kwa hiyo hudhani kwamba hawana la kujifunza. Aliyezoea kubeba magunia ya mkaa juu ya karia ataogopaje kilomita 200? Abebaye abiria kwa toleka mjini Kisangani ataogopa nini?

Nguvu anayo, hatukatai. Lakini mara nyingi safari ndefu haimshindi mtu kwa kukosa nguvu. Humshinda kwa njaa, kwa usingizi, kwa kiti kilichowekwa vibaya na kwa spoku iliyolegea. Tena sisi tunalo jambo moja zaidi la kuangalia: Jumatatu asubuhi tunarudi kwenye mashine na kwenye michai. Vidole vilivyokufa ganzi havichumi chai, na mwenye usingizi hapaswi kukaribia mkanda wa mashine unaozunguka. Kwa hiyo maandalizi tunayoyafundisha hapa yanahesabiwa mpaka Jumatatu.

Ngazi za Wafaransa

Tuchukue mfano wa mbali, kwa kuwa utaratibu wake ni mzuri na unaweza kuigwa popote. Huko Ufaransa ipo safari iitwayo Paris–Brest–Paris, kiasi cha kilomita 1,200, kutoka upande wa Paris hadi bandari ya Brest, magharibi kabisa mwa nchi, na kurudi. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano yaliyoandaliwa na gazeti la Le Petit Journal. Waliondoka wapandaji zaidi ya 200, na Charles Terront akawa wa kwanza baada ya saa zaidi ya 71, bila kulala. Mwaka 1901 alishinda Maurice Garin kwa saa 52 na dakika 11. Huyu utotoni alifanya kazi ya kusafisha dohani za moshi, na mwaka 1903 ndiye aliyeshinda Tour de France ya kwanza.

Hao walikuwa wapandaji wa kulipwa. Watu wa ridhaa walitengewa safari yao mwaka 1931, wanawake wakiwamo, na chama cha wapandaji kiitwacho Audax Club Parisien ndicho kinachoisimamia mpaka leo. Siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne. Ya mwisho ilikuwa 2023. Hakuna mshindi anayetangazwa. Mpandaji hupewa kadi, akifika kwenye kila kituo hugongewa muhuri na kuandikiwa saa, na akirudi ndani ya saa 90 amefaulu, sawa na aliyemtangulia kwa siku nzima.

Linalotuhusu sisi ni sharti la kuingia. Mtu haruhusiwi kwenda Brest mpaka amalize, katika mwaka ule ule, safari nne: kilomita 200 ndani ya saa 13 na nusu, 300 ndani ya saa 20, 400 ndani ya saa 27, na 600 ndani ya saa 40. Angalieni jinsi kila ngazi inavyoleta fundisho jipya. Ile ya 200 ni ya mchana, hufundisha kula na kukaa juu ya kiti. Ya 300 humkuta mtu na giza, ajue taa yake inafaa au haifai. Ya 400 humfanya apande usiku mzima. Ya 600 humlazimisha aamue alale wapi, na kwa muda gani. Anayefika Brest hakutani na jambo geni, ila amekutana na yale yale kwa wingi zaidi. Sisi twaona huu ndio uzuri wa utaratibu huo, kuliko hata sifa za kina Terront.

Ngazi zetu

Kwa mfanyakazi anayeazimia kilomita 200, majuma 12 yanatosha, ikiwa tayari anapanda baiskeli kwenda kazini. Nyumba ikiwa kilomita 8 kutoka kiwandani, basi kwa siku sita amekwisha kupanda kilomita 96. Mazoezi hayo asiyadharau, na asiongeze mengine katikati ya juma. Aongeze safari moja tu, siku ya mapumziko: juma la kwanza kilomita 40, la pili 55, la tatu 70. Juma la nne arudi 40, mwili upate kushika ulichojifunza. Kisha 90, 110 na 130. Juma la nane ashuke mpaka 60. La tisa apande 150. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe apunguze, 80 kisha 40. Wapo ambao katika majuma hayo mawili hushikwa na wasiwasi wakakimbilia kupanda 180 ili wajipime. Hilo ni kutumia akiba kabla ya soko kufunguliwa.

Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa watu wanaoketi kazini. Aliyesimama saa nane mbele ya mashine, au aliyebeba kikapu cha majani mlimani tangu alfajiri, miguu yake na mgongo wake vimekwisha kufanya kazi. Msimu wa majani mengi, baada ya mvua, ihesabiwe kazi yenyewe kuwa ndiyo mazoezi, na safari ya Jumapili ipunguzwe kwa nusu. Aliyetoka zamu ya usiku asipande safari ndefu kabla ya kulala. Uchunguzi umeonyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 hadi 19 huchelewa kutambua hatari kama mtu aliyekunywa pombe, naye hajioni kuwa amechelewa.

Sasa tupige hesabu ya mwendo. Chukua baiskeli ya kawaida nyeusi isiyo na gia, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli husogea kiasi cha mita 5 na nusu. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 20 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 200 ni saa 10 hivi, na katika saa 13 na nusu zimebaki tatu na nusu. Lakini mlima wa kilomita 5 wa kuikokota baiskeli kwa miguu hula saa nzima. Pancha mbili, dakika 40. Kukaa hotelini ukingoja chai na chapati, nusu saa bila kujua. Wengi wanaochelewa hupoteza muda walipokuwa wamesimama, si walipokuwa wakipanda. Heri kwenda polepole na kusimama mara chache.

Mwili

Kiti ndicho cha kwanza. Kaa juu yake, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Ukisha kupanda kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Kiti kilicho chini mno huumiza goti kwa mbele, na maumivu hayo hayaonekani kwa safari ya kilomita 8. Baiskeli ya kuazima hurekebishwa mapema, si asubuhi ya safari.

Mikono tuiangalie zaidi, wachumaji na washonaji hasa. Chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, hupita mshipa wa fahamu. Ukiulalia usukani saa nyingi kwenye barabara ya mawe, kidole cha mwisho na cha pete hufa ganzi, na wakati mwingine nguvu ya kushika hupungua kwa majuma kadhaa. Pandisha usukani kidogo, uzungushie kitambaa chini ya mpira wa tyubu kuukuu, na badili namna ya kushika kila baada ya dakika chache. Ganzi ikiendelea mpaka kesho yake, acha kupanda mpaka iishe. Isipoisha, nenda zahanati. Kazi ya mikono haingoji.

Chakula kiliwe kabla ya njaa. Kila saa mtu ahitaji kiasi cha ndizi mbivu mbili, au viazi vitamu vilivyochemshwa, au chapati. Karanga ni chakula chema lakini huchelewa kuleta nguvu, na nyama ngojeeni jioni. Usile siku hiyo kitu ambacho hujakijaribu kwenye mazoezi, hata ukipewa bure, na hasa ukipewa bure. Maji yanyweke kwa kadiri ya kiu. Wengine hujilazimisha kunywa chupa juu ya chupa. Maji matupu mengi kupita kiasi huizimua chumvi ya damu, nayo yamepata kuua wanamichezo wenye afya. Siku ya jua kali chukua kinywaji kile kile tunachowapa watoto wanaohara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa.

Baiskeli

Mwezi Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza katika Afrika. Waliotazama waliona magari yenye magurudumu ya akiba yakiwafuata wapandaji. Safari ya ridhaa haina gari la kumfuata mtu. Kila mmoja achukue tyubu moja, viraka na solusheni, spana inayolingana na nati zake, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani tairi likichanika. Pampu moja yatosha watu watatu, tena huwafanya wasiachane.

Matengenezo makubwa yafanyike majuma mawili kabla: kuosha gololi na kutia grisi mpya, kukaza spoku, kubadili mnyororo uliovutika na mpira wa breki uliokwisha. Kisha ipande angalau kilomita 80, ndipo utajua fundi amekaza au hakukaza. Na taa: ya mbele, na nyekundu ya nyuma. Kwenye barabara zinazopitwa na malori ya miwa usiku, asiye na taa ya nyuma asipande, hata kama wenzake watamcheka.

Kabla ya kujiandikisha

Mara nyingine safari huandaliwa na mwajiri mwenyewe, ikapewa jina la kampuni, na wafanyakazi wakahimizwa waingie wakiwa wamevaa fulana zake. Hatuna ubaya na hilo. Lakini mtu akianguka akavunjika mkono, je, ameumia kazini au ameumia kwenye mchezo wake? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani alipe hospitali, na kama mshahara utaendelea. Baada ya ajali kila mtu hulijibu kwa faida yake. Kwa hiyo katibu wa tawi apeleke barua mapema na kupata jibu la maandishi kuhusu matibabu, malipo ya siku za kuumwa, na ruhusa ya siku ya safari. Mapumziko ya siku inayofuata nayo yaandikwe. Kubadilishana zamu kwa maneno ya mdomo baina ya wenzi wawili si ruhusa.

Aliyemaliza safari na anakaa mbali asiondoke mara ile kwenda nyumbani kwa baiskeli gizani. Alale kwanza kwa mwenzake aliye karibu. Tawi linaweza kupanga mapema nani atamlaza nani.

Maswali ya kuzungumza kwenye kikundi cha masomo

1. Katika tawi letu, zamu zipi zinamfaa mtu anayefanya mazoezi, na zipi hazimfai? Wachumaji wanaweza kupata siku gani?

2. Pigeni hesabu ya meno ya baiskeli zenu wenyewe: pedeli ikizunguka mara moja, mnasogea mita ngapi? Kilomita 100 zitachukua saa ngapi, pamoja na milima ya kwetu?

3. Andikeni pamoja barua ya kumwomba mwajiri majibu ya maandishi juu ya ajali. Ileteni kwa katibu kabla ya mkutano ujao.