Kabureta ya Motokaa ya Zamani: Jinsi ya Kuisafisha na Kuirekebisha

Motokaa za Morris Minor ziliundwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, nazo zilipita milioni moja na nusu. Wenye kuzitunza hata leo wana lalamiko la kawaida: injini hutetemeka gari lisimamapo, moshi mweusi hutoka, na petroli huisha upesi. Mwenye gari huilaumu kabureta, akakaza na kulegeza skrubu mpaka asijue tena zilikuwaje mwanzo. Hapa yaelezwa kabureta ya S.U. ya namna ya HS2, ambayo ilifungwa katika Morris Minor tangu 1962.

Ndani ya kuba la kabureta hiyo mna pistoni ipandayo na kushuka kwa kuvutwa na hewa. Chini yake imefungwa sindano nyembamba iingiayo katika tundu la petroli liitwalo jeti. Dereva akanyagapo mafuta, pistoni hupanda, sindano hutoka kidogo, na petroli huongezeka. Sindano na jeti zikilika, hakuna skrubu iwezayo kuziponya. Sharti ziwekwe mpya, na vipuri hivyo vingali vikitengenezwa Uingereza.

Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na jiko na sigara, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini hata ukafika penye moto usiotazamiwa. Kabla ya kulitoa kuba, litiwe alama ili lirudi kama lilivyokuwa. Pistoni na kuba lake vilipimwa pamoja kiwandani. Kwa hiyo visibadilishwe na vya kabureta nyingine, wala visisuguliwe kwa msasa. Vioshwe kwa petroli na kukaushwa, kisha tone moja la mafuta mepesi litiwe katika mti wa pistoni tu. Pistoni ikiinuliwa na kuachwa, yapasa ianguke yenyewe na kugonga chini kwa sauti. Ikikwama, huenda sindano imepinda au jeti haikukaa katikati.

Mahali pasahauliwapo sana ni mti wa kile kibao cha mviringo kifunguacho njia ya hewa. Ukishikwa na kutikiswa, usicheze. Ukicheza, hewa huingia kwa wizi, na fundi ajaribuye kuiziba hewa hiyo kwa kuongeza petroli hufanya kazi ya kujaza maji katika pakacha. Mti mpya hutosha mara nyingine. Tundu lenyewe likiwa limepanuka, litahitaji kuchongwa kwa mashine na kutiwa bushi.

Marekebisho huja mwisho, baada ya vali, plagi na pointi kupimwa, na injini kupata moto. Nati ya jeti ipandishwe mpaka jeti iwe sawa na daraja ilalapo pistoni, kisha ishushwe mizunguko miwili kamili. Hapo ndipo pa kuanzia. Injini ikiwa yazunguka polepole, pistoni iinuliwe kidogo sana, kama unene wa kucha, kwa pini iliyo ubavuni. Mwendo ukiongezeka na kubaki hivyo, petroli ni nyingi, nati ipandishwe. Injini ikilegea au kuzima, petroli ni chache, nati ishushwe. Mwendo ukiongezeka kidogo kisha ukarudi ulipokuwa, imepata kipimo chake. Nati igeuzwe upande mmoja tu wa pande zake sita kila mara, na sikio lipewe nafasi ya kusikia.

Kwa wenye magari Kenya pana jambo jingine. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Gari lililorekebishwa Mombasa hufika Nairobi likitoa moshi, hasara ambayo ni ya petroli tu. Safari ya kushuka ndiyo ya kuogopwa: lililorekebishwa Nairobi hupungukiwa na petroli pwani, injini hupata moto kupita kiasi, na vali huweza kuungua kabla dereva hajasikia lolote. Basi akaaye pwani siku nyingi na aipime tena pistoni kwa ile pini asubuhi ya kwanza, injini ikisha kupata moto.