Umekosa Flopu na Mpinzani ni Mmoja: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Katika poka ya Texas Hold'em, mwenye karata mbili zisizo jozi hukosa kupata jozi kwenye flopu, yaani zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani, karibu mara 68 katika kila 100. Kukosa ndiyo hali ya kawaida. Hata hivyo wachezaji wengi hujifunza kucheza karata nzuri tu, ambazo kila mtu anaziweza, na wakikosa hucheza kwa woga au kwa hasira. Kanuni hizi ni za meza ya watu wawili: wewe na yeye.

Kumbuka kwamba huenda naye amekosa. Kama hakuanza na jozi mkononi, hesabu yake ni ileile ya kwako. Anayejiambia "mimi sina kitu, basi yeye anacho" ameshashindwa kabla ya kuulizwa.

Usitupe karata kabla hujadaiwa. Mwenzako akipita bila kuweka dau, karata ya nne unaiona bure. Kuzifunika karata zako wakati huo kwa sababu tu umenuna ni kosa lisilo na utetezi.

Isome meza kabla ya kuzisoma karata zako. Tuseme wewe ndiye uliyepandisha dau mwanzo, yeye akafuata, na flopu imeleta mfalme, 7 na 2 za aina tatu tofauti. Meza hiyo ni kavu, yaani haina mfuatano wala aina moja ya kungojea, na ni yako: ree mbili, wafalme wawili au ree na mfalme vinatarajiwa kwako kuliko kwake, kwa kuwa angekuwa navyo angepandisha tena. Weka dau dogo. Fungu, yaani pesa zilizo katikati ya meza, likiwa 600, weka 200; akikimbia mara 1 katika kila 4, dau hilo limeshajilipa. Ukiweka 600 nzima, lazima akimbie nusu ya mara zote, ilhali aliyekosa kabisa angekimbia hata kwa 200. Usinunue kwa 600 kinachouzwa 200.

Usiipige meza ya 9, 8 na 7 yenye shupaza mbili kwa sababu tu ulipandisha dau mwanzo. Aliyekufuata ana jozi ndogo, ana 10 na jeki, ana 9 na 8, na hakimbii. Pita.

Jua unazungumza lini. Mkiwa wawili, mgawaji ndiye anayeweka dau dogo la lazima kabla ya karata kugawanywa. Huzungumza wa kwanza kabla ya flopu na wa mwisho baada yake. Ukiwa mgawaji, unamwona mwenzako akiamua kabla yako, na hilo peke yake lina thamani ya pesa. Ukiwa upande wa pili, punguza ushujaa.

Usiidharau ree. Mbele ya watu sita, ree isiyo na jozi si kitu. Mbele ya mmoja, mara nyingi ndiyo inayoongoza. Akiweka 200 kwenye fungu la 600, unalipia 200 kugombea 800, na ukishinda mara 1 katika kila 5 umerudisha pesa yako. Lipia. Akirudi na dau kubwa kwenye karata ya nne, iachie bila kujuta.

Hesabu karata zinazokuokoa, na uzihesabu kwa kweli. Mfuatano unaokosa karata ya katikati una karata 4, nafasi ya takriban asilimia 8.5 kwa karata ijayo. Mfuatano uliofunguka pande zote mbili una 8, asilimia 17. Shupaza nne zinazongoja ya tano zina 9, asilimia 19. Akidai 300 kwenye fungu la 600, unahitaji asilimia 25. Mwenye karata 4 anayelipia bei hiyo "kujaribu bahati" anagawa pesa zake.

Ukidanganya, chagua uongo wenye mlango wa kutokea. Mwaka 2003, kwenye ukumbi wa Binion's Horseshoe, Las Vegas, wachezaji 839 wa shindano kuu la World Series of Poker walikuwa wamebaki wawili: Chris Moneymaker na Sam Farha. Flopu ilikuwa 9 ya shupaza, 2 ya uru na 6 ya shupaza. Farha alishika malkia na 9, jozi ya juu kabisa ya meza ile. Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na 7 ya kopa, hana kitu. Karata ya nne ikaja 8 ya shupaza. Sasa shupaza yoyote ingempa tano za aina moja, na 5 au 10 ingempa mfuatano: karata 15 kwa hesabu yake. Farha akaweka dau, Moneymaker akapandisha, Farha akafuata. Ya tano ikawa 3 ya kopa, haikumsaidia. Moneymaker akasukuma kila alichokuwa nacho, na Farha, baada ya kufikiri, akatupa karata zilizokuwa zikishinda. Watu husifu ujasiri wa dau lile la mwisho. Mimi nasifu la kabla yake, lililowekwa wakati karata 15 bado zingeweza kuugeuza uongo kuwa kweli.

Usimtishe asiyejua kukimbia. Kuna mchezaji anayefuata kila dau kwa jozi ya 3. Kwake subiri karata nzuri, umtoze.

Usipige mara ya pili kwa aibu ya kushikwa mara ya kwanza. Kabla ya dau la kwanza, amua ni karata gani za nne utakazozipiga tena. Isipotokea mojawapo, pita, na akiweka dau, tupa.

Usiseme umelogwa. Kukosa flopu mara 5 mfululizo hutokea karibu mara 1 katika kila 7. Mkono ukianza kwenda kwenye pesa kabla macho hayajafika mezani, inuka. Na kama pesa iliyo mbele yako ni ya kodi ya nyumba au ada ya mtoto, usikae kabisa.