SOMO: KUTAYARISHA GARI KWA BARIDI KALI



Madereva wetu kadhaa wanaosubiri safari ya Kanada wameuliza kama ujuzi wao wa hapa utawafaa huko. Utawafaa, lakini hapa Kigoma shida ya injini ni kuchemka, siyo kuganda. Mjini Winnipeg, usiku wa Januari, baridi huweza kupita nyuzi 30 chini ya sifuri.

Tuanze na rejeta. Hapa tumezoea kusimama mtoni na kujaza maji kwa dumu. Huko usithubutu. Maji yakiganda hutanuka karibu sehemu 9 katika kila 100, na chuma hakiwezi kuyazuia. Yatapasua rejeta, au bloku ya injini yenyewe, na hapo gari limekwisha. Hutumika dawa maalumu ya rejeta, nusu dawa na nusu maji safi. Mchanganyiko huo hustahimili mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Msidhani dawa tupu ina nguvu zaidi, kwani huganda mapema kuliko iliyochanganywa. Tena wazazi waangalie: dawa hiyo ina utamu, na ni sumu inayoweza kuua mtoto.

Betri nayo hudhoofika. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito kama uji uliolala. Basi betri ipimwe kabla ya majira ya baridi, na oili iwe nyepesi, yenye alama ya 0W au 5W kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza. Mtaona magari yenye waya wa umeme unaoning'inia mbele. Siyo ubovu. Ndani kuna hita ya kupasha injini, nayo huchomekwa kwenye plagi saa chache kabla ya kuwasha gari.

Matairi ni yale ya majira ya baridi, ambayo mpira wake haukakamai. Katika jimbo la Quebec ni sheria kuyafunga kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Upepo hupungua kwa baridi, kwa hiyo pima mara kwa mara. Aliyeendesha kwenye tope la masika anajua nusu ya kazi: polepole, wala usikanyage breki ghafla.

Jambo linaloua watu ni kukwama njiani. Tangi lisishuke chini ya nusu. Weka garini mablanketi, beleshi, tochi na chakula. Ukikwama, kaa ndani ya gari. Wanaotoka kutafuta msaada katika dhoruba hupotea hatua chache tu kutoka barabarani. Kabla ya kuwasha injini upate joto, shuka ufukue theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likizibwa, moshi huingia ndani pamoja na gesi isiyo na harufu, ileile ya jiko la mkaa lililoachwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Tunajua inavyofanya. Washa kwa dakika 10 hivi kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo. Vilevile usipashe gari moto ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache.

Wenye maswali wafike kwenye kibanda cha habari Jumatano, saa 8 mchana. Fundi wetu ataleta rejeta kuukuu tuifungue pamoja.