Somo la Kumi na Nne: Majaruba Matatu na Kura Moja

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, ipo nchi tambarare ya Kyela. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na kupita katika tambarare hiyo kabla ya kuingia ziwani. Mvua ni nyingi na maji hutuama, kwa hiyo wakulima wengi wa huko hulima mpunga. Bila shaka umesikia sifa za mchele wa Kyela na harufu yake nzuri.

Lakini mto haufuati rula. Jaruba lililo kando ya mto huweza kuwa na pembe zilizolala. Tena mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, umewahi kuhama njia yake wakati wa mafuriko. Mkulima wa mahali kama hapo hana budi kujua kupima ardhi yake.

Tuseme mama mmoja amewagawia wanawe majaruba matatu. Wanawe ni dada mkubwa, kaka na mdogo wao. Kaka alizunguka kila jaruba kwa kamba, na kila mara akapata mita 180. Akasema, "Dada, mizingo ni sawa, basi na majaruba ni sawa. Tupige kura tu."

Je, kaka alisema kweli? Tufanye jaribio.

Jaribio la kwanza

Kata matete manne: mawili ya sentimita 50 na mawili ya sentimita 40. Yafunge kwa uzi kwenye ncha ili upate mstatili. Uweke mstatili huo sakafuni, kisha sukuma pembe moja polepole ili umbo lilale. Matete hayakuongezeka wala hayakupungua, kwa hiyo mzingo ni ule ule. Lakini tazama nafasi iliyo ndani. Inapungua! Ukiendelea kusukuma, matete yatalaliana na nafasi yote itakwisha.

Umbo lililolala huitwa msambamba. Eneo lake ni kitako mara kimo. Kimo hupimwa wima kutoka kwenye kitako. Hakipimwi kwa kufuata ubavu uliolala. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, na hata watu wazima.

Sasa tupime majaruba yale.

Jaruba la 1 ni mstatili wa mita 50 kwa mita 40.
Eneo = 50 × 40 = mita za mraba 2,000.

Jaruba la 2 ni msambamba. Mbavu zake ni mita 50 na mita 40, lakini kimo chake ni mita 32.
Eneo = 50 × 32 = mita za mraba 1,600.

Jaruba la 3, lililo kando ya mto, ni pembetatu yenye pembe mraba. Mbavu zake ni mita 45, 60 na 75.
Eneo = 45 × 60 ÷ 2 = mita za mraba 1,350.

Ikiwa kila mita za mraba 100 hutoa madebe 2 ya mpunga, jaruba la 1 litatoa madebe 40, la 2 madebe 32, na la 3 madebe 27 tu. Atakayepata la 3 atapungukiwa madebe 13 kila mavuno, ingawa kamba ilisema wako sawa.

Jumla ya eneo lote ni mita za mraba 4,950, na theluthi yake ni 1,650. Kwa hiyo ndugu hao walikata ukanda wa urefu wa mita 50 na upana wa mita 7 kutoka jaruba la 1. Upana wa mita 1 uliongezwa kwenye jaruba la 2, na upana wa mita 6 kwenye jaruba la 3. Hakikisha mwenyewe kwamba kila jaruba sasa lina 1,650.

Bado palikuwa na tatizo. Jaruba la kando ya mto hufurika kwanza, na kila mmoja alilitaka la 1. Hapo kura ilifaa. Karatasi tatu zenye namba 1, 2 na 3 zilikunjwa na kutiwa kapuni. Mdogo akalalamika, "Mimi nachukua mwisho. Mtaniachia lililo baya."

Tuandike njia zote, kwa kufuata zamu ya dada, kaka, mdogo:

1-2-3, 1-3-2, 2-1-3, 2-3-1, 3-1-2, 3-2-1.

Njia ni sita, na zote zina nafasi sawa ya kutokea. Mdogo anapata la 1 katika njia mbili. Uwezekano wake ni 2/6, yaani 1/3. Hesabu wa dada, kisha wa kaka. Utaona kwamba zamu ya kuchukua haimpendelei mtu, mradi karatasi zinafanana na hakuna anayechungulia.

Jaribio la pili

Fanyeni kura hiyo mara 60 darasani. Andikeni ni mara ngapi wa mwisho alipata namba 1. Jibu litakuwa karibu na 20, lakini msishangae likiwa 17 au 24.

Zoezi

1. Msambamba una kitako cha mita 30 na kimo cha mita 12. Tafuta eneo lake.
2. Chora maumbo mawili yenye mzingo wa sentimita 24 na maeneo tofauti.
3. Mdogo amekosa namba 1 mara tatu mfululizo. Je, uwezekano wake wa kuipata mara ya nne umeongezeka? Eleza.
4. Ndugu wangekuwa wanne na majaruba manne, njia zingekuwa ngapi?