Msalaba wa Kando ya Njia na Mti Wake



Kijana mwenzangu, daladala au bodaboda yako ikipita mbele ya msalaba ulio kando ya barabara, huwa unafanya nini? Unafanya ishara ya msalaba, au unaangalia kwanza nani anakuona? Leo tujifunze kwa Wakatoliki wa Polandi, nchi ya Mtakatifu Yohane Paulo II. Kwa karne nyingi wamekuwa wakisimika misalaba njiani na kupanda miti pembeni yake.

1. Kwa nini msalaba njiani?

Vijijini Polandi utaukuta msalaba kwenye njia panda, mpakani mwa kijiji au katikati ya mashamba. Pengine ni kijumba kidogo chenye sanamu. Wenyewe wanakiita *kapliczka*. Sanamu moja inayopendwa sana ni ya Yesu aliyeketi, ameshika tama kama mtu mwenye majonzi.

Watu walikuwa na sababu zao za kuvijenga. Wengine walinusurika na tauni au kipindupindu, wakamshukuru Mungu. Wengine walitimiza nadhiri. Wengine walifiwa na ndugu yao palepale barabarani. Mwezi Mei, jioni, majirani hukusanyika hapo kuimba Litania ya Bikira Maria, hasa pale ambapo kanisa liko mbali. Si lazima padre awepo, wala hakuna spika. Ni kama sisi na jumuiya zetu ndogondogo.

2. Na mti je?

Mara nyingi pembeni ya msalaba kuna mti uitwao *lipa*. Mti huu una kivuli kizito na unaweza kuishi mamia ya miaka. Unachanua wakati wa kiangazi cha kwao, na nyuki wanayapenda mno maua yake. Hata mwezi wa Julai, kwa Kipolandi, umepata jina lake kutoka kwa mti huo. Mbao zake ni laini, ndiyo maana wachongaji wanazipenda: sanamu za altare kuu maarufu ya Kanisa la Bikira Maria pale Kraków, iliyochongwa kati ya 1477 na 1489, ni za mti huohuo.

Mti unaikinga sanamu na upepo na jua, unamwonyesha msafiri mahali pa sala kutoka mbali, na unampa anayesali kivuli. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Anayepanda mche wa *lipa* anajua kwamba kivuli kile kikubwa watakikalia wajukuu zake. Yeye anachimba shimo na kumwagilia kwa ajili ya watu watakaosali hapo baada yake.

Na jambo hili si geni kwenye Biblia. Soma Mwanzo 21:33: Abrahamu alipanda mti Beer-sheba, na hapo akaliitia jina la Bwana.

3. Eti tunaabudu miti?

Hapana! Katika karne ya 8, Mtakatifu Bonifasi aliukata mwaloni ambao watu wa Geismar, Ujerumani, waliuona mtakatifu kwa mungu wao. Mbao zake akazijengea kikanisa cha Mtakatifu Petro. Kumbe tatizo halikuwa mti, bali kumpa mti nafasi ya Mungu. Na kuhusu sanamu, Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoipa sanamu inamwendea yule anayeonyeshwa na sanamu hiyo.

4. Msalaba unaweza kung'olewa

Jirani na Polandi kuna Lithuania, nako misalaba ya njiani ni mingi. Karibu na mji wa Šiauliai kuna Kilima cha Misalaba. Mwaka 1961 utawala wa Kisovieti uliisawazisha misalaba hiyo kwa matingatinga. Watu wakairudisha, tena kwa kujificha. Ikaondolewa tena, wakarudisha tena. Tarehe 7 Septemba 1993 Papa Yohane Paulo II alisali hapo.

Wale walihatarisha maisha yao ili msalaba uonekane. Sisi tunaogopa abiria wenzetu watacheka?

Tufanye nini wiki hii?

- Ukipita penye msalaba au groto, fanya ishara ya msalaba bila haraka na bila aibu.
- Vijana wa kigango, fagieni pale penye msalaba wenu, pandeni mti unaofaa udongo wenu, halafu pangeni zamu ya kumwagilia. Kupanda ni kazi ya siku moja; kiangazi ndicho kitakachowapima.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani aliyenipandia imani ninayopumzika chini yake leo?
2. Mimi nawapandia nini watakaokuja baada yangu?

Tusali: Bwana Yesu, uliyetundikwa juu ya mti ili sisi tupate uzima, utuondolee aibu ya kukukiri mbele za watu. Utupe uvumilivu wa kutunza tulichopanda. Amina.